Kidonge cha bluu kinafanyaje kazi, na mwenye sukari na presha akimeze au aache?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa miaka 52, dereva wa lori anayepita sana njia ya Tunduma, nalifupisha. Ana sukari mwaka wa sita sasa, anatumia metformini na glibenklamidi, ana na presha, anatumia amlodipini na atenololi. Tangu mwaka jana uume hausimami vizuri, ukisimama unalegea kabla hajamaliza. Dereva mwenzake akampa kidonge cha bluu cha miligramu 100, mara ya kwanza kikafanya kazi vizuri ila kichwa kikamgonga mpaka asubuhi, uso ukawaka moto na taa ya chumbani akawa anaiona ina ubluu ubluu. Mara ya pili kameza baada ya kushiba nyama choma na bia tatu, hakuna kilichotokea. Anauliza hii dawa inafanyaje kazi hasa, madhara yake ni yapi, ni kweli inaua maana kasikia kuna mtu kafia gesti, na je akishaanza ndo hawezi kuacha tena? Mwishoni kaongeza kwamba mke wake hajui, na pembeni anatumia unga wa miti shamba anaonunua kwa mtu wa stendi.

Kaka, asante kwanza kwa kusema yote bila kuficha, hasa hilo la unga. Wanaume wengi wanakuja pale dirishani famasi wanaomba Panadol kwanza, wanasubiri yule mama aliye nyuma yao aondoke, ndo wananong'ona "na ile ya bluu kama ipo", ukiwauliza unatumia dawa gani nyingine wanajibu hamna, alafu haraka haraka wanaondoka. Mimi ni mfamasia, haya mambo ndo kazi yangu ya kila siku, na nakwambia hiyo "hamna" inaumiza watu kuliko kidonge chenyewe. Kwa hiyo nitakujibu kirefu, nivumilie.

Jibu la haraka: usimeze tena hicho cha 100 mpaka umeonana na daktari wako wa kliniki ya sukari. Sio kwamba ni sumu, wapo wengi wenye sukari na presha iliyotulia wanatumia hii dawa na wako salama kabisa, ila 100 ndo dozi ya juu kabisa ya siku nzima. Mtu wa kawaida anaanzia 50, na mwenye figo au ini lenye shida kubwa au aliyevuka miaka 65 anaanzia 25. Wewe umeanzia mwisho, tena bila mtu yeyote kukupima presha siku hiyo.

Sasa inafanyaje kazi. Jina la dawa yenyewe ni sildenafili, Viagra ni jina la biashara la kampuni ya dawa ya Pfizer, na Kamagra na wenzake ndani ni sildenafili hiyo hiyo. Haikutafutwa kwa ajili ya chumbani. Watafiti wa Pfizer pale Sandwich, Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, kwenye moyo haikuleta matokeo waliyotaka, ila wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kusema huku chini mambo yamebadilika, na Machi 1998 Marekani ikaipitisha kuwa dawa ya nguvu za kiume. Mwaka huo huo wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi gesi moja inaitwa naitriki oksaidi inavyotumika mwilini kuiamuru mishipa ya damu itanuke. Bila hiyo gesi mwanaume hasimami.

Ndani ya uume kuna sehemu mbili ndefu za nyama yenye vitundu vitundu vya kupitisha damu. Muda mwingi misuli midogo ya humo imekaza, damu inapita kidogo tu, ndo maana uume umelala. Ukipata hamu, umeguswa au umewaza tu, ubongo unapeleka taarifa, mishipa ya fahamu inaachia ile naitriki oksaidi, nayo inafanya itengenezwe kemikali nyingine inaitwa saikliki GMP ambayo inailegeza ile misuli, damu inaingia kwa wingi, na ikishajaa inabana mishipa ya kutolea damu kiasi kwamba haitoki kirahisi. Hapo umesimama. Alafu kuna kimeng'enya kinaitwa PDE5 ambacho kazi yake ni kuivunja hiyo saikliki GMP ili mambo yakiisha uume urudi kulala. Sildenafili inakizuia hicho kimeng'enya, na hakuna zaidi ya hapo inachofanya. Haiongezi hamu, haiongezi mbegu, hairefushi wala hainenepeshi, na haianzishi kitu yenyewe. Chukulia ndoo inayovuja, mishipa yako ya fahamu inamimina maji, PDE5 ni tundu la chini, dawa inaziba tundu. Kama hakuna anayemimina, ziba unavyotaka, ndoo itabaki kavu.

Ukishaelewa hapo utajua kwa nini mara ya pili ilikugomea. Kwanza chakula, mlo wenye mafuta mengi unachelewesha sildenafili kufika kwenye damu kwa karibu saa nzima, na kiwango kinachofika kinapungua karibu theluthi, sasa nyama choma ya kushiba pale tumboni kidonge kimezubaa na wewe umeshaanza kukata tamaa. Pili bia, pombe yenyewe inapooza ule mfumo wa taarifa kutoka kwenye ubongo, yani anayemimina kalewa. Tatu, nahisi ulilala ukawa unasubiri kisimame chenyewe. Dawa humezwa kama saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, inaweza kusaidia kuanzia nusu saa mpaka saa nne hivi, ila lazima kuwe na kushikana na hamu ya kweli, na mtu asihukumu kwamba haimfai kwa kujaribu mara moja, tunapenda ajaribu kwa usahihi hata mara sita saba siku tofauti. Na la nne, kidonge cha kupewa mkononi bila boksi wala karatasi yake hujui ndani kuna nini, kinaweza kuwa na dawa kidogo, nyingi, au nyingine kabisa.

Kwa watu wenye sukari pia usitegemee miujiza. Kwenye utafiti mmoja uliochapishwa 1999 wa wanaume wenye sukari na tatizo kama lako, kwa kila 100 waliopewa sildenafili, 56 walisema wameona nafuu, na kwa kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa ni 10 tu. Zaidi ya nusu, sio haba, ila sio wote, kwa sababu sukari ikikaa juu miaka mingi inachosha ile mishipa ya fahamu na kuharibu utando wa ndani wa mishipa ya damu, yani inampiga yule yule anayemimina.

Madhara sasa. Hayo uliyopata yote yanaeleweka na mengi yanatokana na jambo moja, dawa haijui njia ya kwenda uume peke yake, inatanua mishipa ya damu sehemu nyingine pia. Mishipa ya kichwani ikitanuka kichwa kinagonga, ya usoni ikitanuka uso unawaka, ya puani ikitanuka pua inaziba kama una mafua. Misuli ya juu ya tumbo inalegea tindikali inapanda, hicho ndo kiungulia ambacho wengi wanakipata na wanadhani ni chakula. Presha nayo inashuka, kwa mtu wa kawaida namba ya juu inashuka kama 8 hivi, ambayo wengi hawaisikii, ila ukiwa tayari upo kwenye dawa ya presha kizunguzungu ukisimama ghafla ni cha kutegemea. Kichwa ndo kinachoongoza kwa kulalamikiwa, na kadri dozi inavyopanda na maumivu yanapanda, kwa hiyo kwa 100 mara ya kwanza sishangai hata kidogo kwamba ulilala nacho. Paracetamoli inatosha.

Ule ubluu unanivutia kukuelezea kwa sababu watu wakiuona wanaogopa sana na hawaambii mtu. Kwenye jicho, pale nyuma panapopokea mwanga, kuna kimeng'enya ndugu na PDE5, kinaitwa PDE6. Sildenafili ikiwa nyingi kwenye damu inakigusa na chenyewe, ndo unaona rangi ya bluu, mwanga unakuwa mkali, au bluu na kijani unashindwa kuzitofautisha. Hiyo inaisha yenyewe baada ya masaa na ni ishara kwamba dozi ilikuwa kubwa kwako. Kitu tofauti kabisa ni jicho kupoteza uwezo wa kuona ghafla, sio ubluu, yani giza au kivuli upande mmoja, bila maumivu. Hiyo ni nadra sana lakini ipo, inahusiana na damu kutofika kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na wenye sukari na presha wapo kwenye hatari yake hata bila kumeza kidonge. Ikikutokea acha dawa, nenda hospitali saa ile ile, usisubiri kuche. Hivyo hivyo sikio likiziba ghafla na kuanza kuvuma.

Na kuna uume kusimama usishuke. Watu wanalichekea hili vijiweni lakini mimi silichekei. Ukipita saa nne umesimama na hamu huna tena, damu iliyo mle ndani imeshakosa hewa ya oksijeni, nyama inaanza kufa taratibu, na ukichelewa sana inabaki kovu na hutasimama tena maisha yako yote. Hapo ni hospitali kubwa, dharura, usiku huo huo, wanainyonya ile damu kwa sindano. Ni nadra kwa anayetumia dozi sahihi, ila kwa mwenye selimundu, wengi mnaita sikoseli, hatari ni kubwa zaidi maana hata bila dawa huwatokea, na kwetu ukanda wa Ziwa familia nyingi zina huo ugonjwa. Kama nyumbani kwenu upo na wewe hujawahi kupima, pima kabla.

Sasa lile la kufia gesti. Mimi yule mtu simjui na siwezi kusema kilichomuua. Ila naweza kukwambia ni vitu gani vinaua, na cha kwanza kina jina: dawa za moyo za kundi la naitreti. Zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, za kupulizia mdomoni, na vidonge vya isosobaidi ambavyo wagonjwa wa moyo wanameza kila siku. Hizi zinafanya kazi kwa kumimina ile ile naitriki oksaidi, kwa wingi, mwili mzima. Sasa hapo hapo umeziba tundu kwa sildenafili, presha inaporomoka ghafla, moyo na ubongo vinakosa damu, mtu anazimia na wengine hawaamki. Hili halina mjadala wala dozi ndogo ndogo. Anayetumia naitreti hamezi kabisa, na wala hakuna ujanja wa kwamba leo naruka dawa ya moyo ili nimeze ya bluu.

Na lipo upande wa pili ambao unaumiza roho. Mtu hajawahi kuugua moyo, kameza kidonge, katikati ya tendo kifua kinambana, anakimbizwa hospitali, nesi anamuuliza umemeza nini leo, na yeye kwa sababu ya aibu au kwa sababu aliye naye sio mke wake anasema hamna. Wanampa naitreti kama wanavyompa mgonjwa yeyote wa kifua, maana hawajui. Kaka, ukimeza sildenafili ndani ya saa 24 usipewe naitreti, na kama ni tadalafili, ndugu yake sildenafili nitakayemweleza chini, ni saa 48. Hospitali zipo dawa nyingine watakazokupa wakijua. Sema hata kama yupo mtu mlangoni, mwambie nesi nina jambo la siri, akisogea mtajie jina la dawa na saa uliyomeza. Hawatakucheka, na wakicheka bora wakucheke.

Kitu cha pili kinachoua ni moyo wenyewe ambao ulikuwa unaumwa kimya kimya. Tendo la ndoa ni kazi kwa moyo, madaktari wengi wanaipima kwa kulinganisha na kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka. Ukipanda hizo bila kifua kubana wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida tendo moyo utalimudu. Ukishindwa, tatizo sio kidonge, tatizo ni kwamba unahitaji kupimwa moyo kwanza. Na aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, au presha yake iko chini ya 90 kwa 50, huyo asubiri mpaka daktari aseme.

Tuje kwenye dawa zako. Metformini haina ugomvi na sildenafili. Glibenklamidi nayo haina, ila glibenklamidi na bia bila kula vizuri inashusha sukari, unatoka jasho, unatetemeka, moyo unaenda mbio, na usiku wa namna hiyo utasema ni kidonge cha bluu kumbe ni sukari imeshuka, kwa hiyo ukijisikia hivyo kunywa soda au maji ya sukari kwanza. Amlodipini na sildenafili zinaweza kwenda pamoja, presha inashuka kidogo zaidi, ndo sababu nyingine ya kuanza na dozi ndogo. Atenololi yenyewe ni miongoni mwa dawa za presha zinazosemwa kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, pamoja na zile za kukojoza. Usiiache mwenyewe lakini, atenololi ukiikata ghafla moyo unaweza kuruka vibaya, muulize daktari kama inawezekana kubadilishiwa.

Wewe hujataja dawa nyingine ila kwa sababu wapo watakaosoma jibu hili niyaseme na haya. Wanaotumia tamsulosini ya tezi dume au prazosini na doksazosini, presha inaweza kushuka mkasimama mkaanguka, kuanza ni 25 na daktari ajue. Wanaotumia ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri ndani, hiyo ritonaviri inazuia ini kuisafisha sildenafili mpaka kiwango kwenye damu kinapanda hata mara 11, yani umemeza 50 mwili unaona zaidi ya 500, kwenu mwisho ni 25 na hurudii mpaka saa 48 zipite. Wanaotumia ARV za dolutegraviri hilo haliwahusu. Dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazoli, na antibayotiki kama erithromaisini, zinapandisha pia ingawa sio kiasi hicho. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaifukuza dawa mwilini haraka, unameza huoni kitu unaongeza, usiongeze.

Unga wa stendi. Hapa nitakuwa mkali kidogo kaka yangu. Sina vita na miti shamba, supu ya pweza kunywa, alkasusu ukipenda kunywa ila mwenye presha usiizoee, mizizi yake ya susi inapandisha presha ikitumika sana. Shida yangu ni hizi poda, kahawa, asali na vinywaji vya nguvu ambavyo vinaandikwa asilia alafu vinafanya kazi ndani ya nusu saa. Mamlaka za dawa nchi nyingi zimevipima na kukuta sildenafili au ndugu zake ndani, haijaandikwa popote, na dozi hakuna anayeijua. Mwishoni mwa 2018 Uganda mamlaka ya dawa ilipata malalamiko ya mtu aliyekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, akatoka jasho mfululizo na uume ukasimama karibu saa sita. Kilipopimwa, na vipimo vikarudiwa nje ya Zambia pia, ikaonekana kina sildenafili, kikaondolewa sokoni. Kilikuwa kinauzwa dukani kama kinywaji cha kawaida tu, mtu mwenye naitreti mfukoni angekinywa bila kujua. Sasa fikiria wewe usiku ule ulimeza 100, na labda unga umeula asubuhi. Inawezekana ulikuwa na zaidi ya 100 mwilini na ndo maana taa ikawa bluu. Siwezi kulithibitisha bila maabara, lakini huo unga uache leo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na kwangu ndo kubwa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, milimita 1 mpaka 2 hivi, ya moyo ni milimita 3 mpaka 4. Mafuta na uharibifu vikianza kuziba mishipa ya mwili vinaonekana kwanza kwenye ile myembamba, kwa hiyo mwanaume mwenye sukari na presha anayeanza kulegea taratibu kama wewe, mara nyingi moyo wake upo kwenye foleni, tofauti inaweza kuwa miaka miwili mpaka mitano. Mwili umekupa taarifa mapema. Ukienda kutibu kusimama tu na kidonge cha kupewa barabarani, umeizima taarifa. Kwa hiyo kliniki mwambie daktari akupime HbA1c ili ajue sukari ya miezi mitatu, presha, mafuta kwenye damu, figo, ECG yani kipimo cha umeme wa moyo, na homoni ya testosteroni ambayo damu yake inachukuliwa asubuhi kabla ya saa tano. Kama unavuta sigara, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kulegea. Na kiti cha lori masaa kumi na mbili kwa siku na chipsi za njiani, unajua mwenyewe.

Kuhusu kuzoea mpaka usiweze kuacha: hapana. Mwili hauitegemei sildenafili kama unavyotegemea pombe au tramadoli, saa nne baada ya kumeza nusu yake imeshatoka, siku ya pili haipo. Ukiacha unarudi ulipokuwa, huwi mbaya zaidi. Kinachobaki ni kichwani, hasa kwa vijana wa miaka 25 wenye afya, wanaosimama vizuri asubuhi wakiamka ila wakiwa na mtu wanaogopa kuaibika, wanameza "kwa uhakika", alafu siku hawana kidonge wanaogopa mara mbili. Wengine wametishwa na watu wa mitandaoni kwamba punyeto imeua misuli, halina ukweli hilo, wanauziwa dawa ya ugonjwa ambao hawana. Kijana anayesimama asubuhi mishipa yake ni mizima, anahitaji mtu wa kuongea naye.

Kuna ndugu yake sildenafili naitaja kwa sababu inaweza kukufaa zaidi. Tadalafili, jina la biashara Cialis, inakaa mwilini muda mrefu mpaka saa 36, haijali umekula nini, na ipo ya miligramu 5 ya kumeza kila siku ambayo inakutoa kwenye kuangalia saa, tena inasaidia na mkojo kwa wenye tezi dume. Ubaya wake ni maumivu ya mgongo na misuli siku inayofuata, yanaisha ndani ya siku mbili, na kwa sababu inakaa, ikikuletea shida inakaa nayo. Sheria ya naitreti ni ile ile. Zote hizi ni dawa za cheti, mwenye duka akikupa bila kukuuliza swali hata moja hama duka.

Mke wako. Mwambie. Sio kwa ajili ya maadili, kwa ajili ya tiba, maana tumesema dawa bila kushikana haifanyi kitu, na mke ambaye hajui anaona mume anamkwepa wiki nzima alafu usiku mmoja anakuja na haraka, atajua una mtu nje. Pia yeye ndo atakayekuwa karibu kifua kikikubana, na yeye ndo atakayemwambia nesi. Anza na "nina sukari na imefika mpaka huku", wanawake wengi wana habari tayari, wanasubiri tu uliseme.

Vidonge vikigoma kabisa hata vikitumiwa sawasawa, hujafika mwisho, zipo pampu za kuvuta damu, zipo sindano za pembeni ya uume ambazo daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anakufundisha, na upo upasuaji wa kuweka kifaa, ingawa huo kwetu sio rahisi kuupata. Lakini wengi wenye hali kama yako hawafiki huko, sukari ikishuka na dozi ikipangwa vizuri wanarudi kwenye hali inayoridhisha.

Na kwa sababu kazi yako ni usukani: siku za kwanza za dozi yoyote mpya meza ukiwa nyumbani na ratiba ya siku inayofuata haina safari. Kizunguzungu na macho kuchanganya bluu na kijani sio vya kwenda navyo mlima Kitonga na tani thelathini nyuma.